Kwa nini sichomeki tena vijiti kwenye viota vya kasa

Nilipoanza kazi hii ya kulinda viota vya kasa Msimbati, Mtwara, kila kiota nilikizungushia vijiti vinne na utepe mwekundu. Nilijiona mtaalamu. Mzee mmoja anayetega madema pale akasimama, akatazama, akaniuliza, "Mama, hayo mapambo umemwekea nani?" Siku ya tatu nilikuta shimo tupu, na utepe umelala mchangani.

Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Lakini ufukwe wake ni njia ya kila mtu: magari hupita juu ya mchanga, wavuvi huvuta nyavu, na wikendi watu wa mjini huja kuogelea. Sheria inakataza kuchukua mayai ya kasa. Sheria hailali ufukweni, ndiyo shida.

Kwa hiyo siku hizi kazi yangu ya alfajiri ni kufuta alama za kasa mchangani.

Kabla ya kufuta, nasoma. Kasa wa kawaida hujivuta kwa makasia yote mawili kwa pamoja, akaacha alama kama za tairi la trekta, upana unaokaribia mita. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, hutambaa kwa zamu, kulia kisha kushoto, na njia yake ni nyembamba. Halafu natafuta mayai, na hapa wengi hukosea: huchimba kwenye shimo lile kubwa linaloonekana. Kasa akishataga hurusha mchanga nyuma huku akisogea mbele, hivyo shimo la mwisho ni la kudanganya. Mayai yapo nyuma yake. Nachimba kwa vidole, kamwe si kwa fimbo yenye ncha, mpaka niguse yai la kwanza, jeupe, duara kama mpira wa tenisi ya mezani. Chini yake mara nyingi kuna mia na zaidi. Nafukia.

Kisha napima kwa futi kamba kutoka minazi miwili, naandika vipimo kwenye daftari, na kuburuza kuti kavu juu ya njia yote mpaka majini. Jua likipanda, ufukwe hauna habari.

Kiota kikiwa chini ya mstari wa maji ya bamvua, yaani pale maji makubwa yanapofika, hapo lazima kihamishwe, tena ndani ya saa chache tu baada ya kutagwa. Kiini cha mtoto hujishikiza juu ndani ya ganda. Yai likigeuzwa baada ya hapo, linakufa. Najua kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilihamisha kiota saa tisa alasiri, nikayamimina mayai kwenye ndoo kama viazi. Halikuanguliwa hata moja. Sasa nikichelewa, nakiacha kilipo na kuomba Mungu.

Siku ya hamsini ikipita, narudi na daftari langu, na mchanga ukianza kubonyea juu ya kiota najua usiku wa watoto kutoka umekaribia. Ndipo nawaomba wenye magari waegeshe juu, na jioni nasawazisha alama za matairi kwa miguu. Mtoto wa kasa ana kama sentimita tano tu. Akitumbukia kwenye mfereji wa tairi hawezi kuupanda, anaufuata pembeni mwa bahari mpaka kunguru wamuone. Taa nazo nazimisha, kwa sababu watoto hufuata upande wenye mwanga, na kwa asili yao upande huo ni bahari. Balbu moja ya kibanda cha chipsi inatosha kuwapeleka barabarani.

Mzee wa madema bado huniuliza kiota kiko wapi. Namwambia hakuna. Anacheka, maana kuti ninalo mkononi.