Jua likiwaka sana ndio picha inatoka? Hapana jamani

Karibu kila mtu mpya ninayemfundisha kupiga picha za nje ananiambia hivi: mwalimu twende saa 7 mchana, jua likiwa limewaka vizuri. Picha zikija, macho hayaonekani, chini ya nyusi kuna vivuli viwili vyeusi, paji la uso na pua vinang'aa kama vimepakwa mafuta, kanzu imekuwa nyeupe tupu haina hata mkunjo. Halafu ananiuliza anunue lenzi gani! Usinunue kitu ndugu yangu, tatizo ni saa uliyotoka.

Huku kwetu tuko karibu na ikweta, saa 6 na saa 7 jua liko utosini, na pale Dar mwanzoni mwa Machi na tena kwenye Oktoba linapita wima kabisa mpaka nguzo inakosa kivuli, sasa mwanga ukishuka hivyo macho yatapata nini? Jicho lako linaona kanzu na kivuli vyote kwa pamoja, kamera haiwezi, lazima ipoteze kimoja.

Wengine wanasema basi jua liwe mgongoni kwa mpiga picha. Huo ni ushauri wa enzi za filamu zilizokuwa zinahitaji mwanga mwingi, leo unamtesa tu mtu, anakunja sura na kufumba jicho moja.

Msogeze kivulini. Ila sio chini ya mti wenye majani machache, ule unamjaza madoa ya jua usoni, bora hata ungemwacha palepale. Ukiwa Mji Mkongwe msimamishe mlangoni, hatua moja ndani ya kizingiti, uso uangalie kichochoroni, ukuta mweupe wa ng'ambo unaopigwa na jua utamrudishia mwanga laini. Mwangalie machoni, utaona nukta ndogo ya mwanga ndani ya mboni. Kama haipo mgeuze taratibu mpaka itokee, ndio ubonyeze. Na kanzu au shela nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi inatia giza, sura ya mtu mweusi inapotea, kwa hiyo tumia kile kitufe cha +/- upandishe mwangaza mpaka +1 hivi halafu kagua histogramu, ule mchoro kwenye kioo cha kamera unaoonyesha giza na mwanga wa picha.

Kama kivuli hakuna, subiri jioni. Ila jua letu linazama haraka, ule mwanga wa dhahabu unadumu kama nusu saa tu, saa 11 uwe umeshafika na umeshachagua pa kusimama. Na msiende Coco Beach ya Dar kusubiri jua lizame baharini, pale bahari iko mashariki, nendeni alfajiri. Machweo ni Forodhani, Zanzibar.

Mengine nayapitia haraka. Eti flashi ni ya usiku: mchana ndio inajaza yale macho meusi, ila kamera nyingi zinataka kasi ya shata, yaani ya kufunguka na kufunga, isizidi 1/200 au 1/250 ya sekunde. Eti megapikseli nyingi ndio picha nzuri: kuprinti A4 safi kunahitaji kama 9 tu, simu yako inazo. Eti nitarekebisha kwenye kuediti: kivuli utakiinua, hasa ukipiga RAW (faili ghafi la kamera), lakini nyeupe iliyoungua hairudi, hakuna kilichorekodiwa pale. Eti lazima manual, yaani upange kila kitu mwenyewe: mapro kibao wanatumia A au Av, unachagua uwazi wa lenzi na kamera inapanga shata, na kazi inatoka.

Na ile ya kudhani "kali sana" ni maoni, nayo inanichosha. Mwenzenu akituma picha kwenye kundi mwambieni kitu atakachobadilisha kesho, mfano sogea kushoto hatua mbili, huo mnazi unaonekana umeota kichwani kwake. Na wewe unayeomba maoni chagua picha moja, sio 15, andika ulipiga saa ngapi na ulitaka nini kionekane, uitume kama dokyumenti, maana WhatsApp ikiibana siwezi kujua fokasi imekaa kwenye jicho au kwenye sikio.