Bei ya hisa siyo ukubwa wa kampuni

"TCC ni Sh 17,000, CRDB ni Sh 1,000, kwa hiyo TCC ndiyo kampuni kubwa na ndiyo inayobeba soko." Kauli ya namna hii, kuhusu kampuni ya sigara TCC na benki ya CRDB, madalali wa Dar es Salaam wameisikia hadi wamechoka, na mara nyingi anayeitoa ni mtu mwenye hisa zake tayari, anayesoma taarifa ya soko kila jioni. Ni kosa, na lina gharama: mtu anazikimbia hisa za "bei ndogo" na kuzing'ang'ania za "bei kubwa" bila kujua ananunua nini.

Bei ya hisa moja haikuambii lolote mpaka ujue kampuni ina hisa ngapi. TCC ina hisa milioni 100. CRDB ina takribani bilioni 2.61. Zidisha kwa bei hizo za mfano: mtaji wa soko, yaani thamani ya hisa zote, wa TCC ni Sh trilioni 1.7, wa CRDB ni trilioni 2.61. Benki yenye hisa ya buku moja imeipita kampuni ya sigara yenye hisa ya elfu kumi na saba, tena kwa zaidi ya bilioni 900.

Sasa tuziweke kwenye kiashiria, yaani namba inayoonyesha mwendo wa soko zima. Tuseme soko lina hizo mbili tu. Kiashiria cha bei hujumlisha bei, basi: 17,000 na 1,000 ni 18,000. Hapo TCC ina uzito wa asilimia 94.4, na CRDB ikipanda asilimia 10, yaani shilingi 100, kiashiria kinasogea asilimia 0.56 tu. Kiashiria cha mtaji hujumlisha thamani ya kampuni: trilioni 4.31, CRDB ikiwa na asilimia 60.6. Kupanda kulekule kwa CRDB kunakisogeza asilimia 6.06. Kampuni zilezile, siku ileile, na jibu moja ni zaidi ya mara kumi ya lingine.

Viashiria vikuu vya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), yaani DSEI (kampuni zote) na TSI (kampuni za ndani pekee), ni vya mtaji. Ukikazia macho safu ya bei ili kubashiri nani kasukuma soko, unatumia kanuni ya soko lingine. Kanuni hiyo ipo kweli. Dow Jones, kiashiria cha Marekani, iliyoanza 1896 na kampuni 12 na sasa ina 30, bado hujumlisha bei na kugawa kwa kigawanyo maalumu. Kigawanyo hicho kiko chini ya 0.2, kwa hiyo hisa yoyote kati ya 30 ikipanda dola moja, Dow inapanda zaidi ya pointi 5, iwe ni hisa ya dola 40 au ya dola 500. Agosti 2020 Apple iligawanya kila hisa kuwa nne. Kampuni haikupungua hata senti kwa kitendo hicho, na kigawanyo kilirekebishwa ili Dow isiruke, lakini uzito wa Apple ndani ya Dow ulishuka hadi kama robo ya ulivyokuwa. Kwenye S&P 500, ambayo hupima mtaji, mgawanyo ule haukubadili uzito wake kabisa. Japani nako, Nikkei 225 hufuata bei, ndiyo maana Fast Retailing, wenye maduka ya Uniqlo, wana uzito mkubwa kuliko Toyota, ambayo kwa mtaji imewaacha mbali. Nairobi wana vyote viwili: NSE 20, ya kampuni 20, iliyoanzia 100 mwaka 1966, hutazama bei, NASI, ya kampuni zote, iliyoanzia 100 mwaka 2008, hutazama mtaji. Kwa hiyo siku moja NSE 20 na NASI zinaweza kwenda njia tofauti, na hakuna iliyokosea hesabu.

Kosa la pili linafuata hapohapo: "Kiashiria kimepanda, mbona hisa zangu zimelala?" Kwa sababu kiashiria cha mtaji ni cha wakubwa. Safaricom ina hisa zaidi ya bilioni 40. Ikishuka shilingi moja ya Kenya, mtaji wa bilioni 40 umeondoka. BAT Kenya, ya sigara, ina hisa milioni 100. Tuseme bei yake ni Sh 350 za Kenya: kampuni nzima ni bilioni 35. Kusogea kwa shilingi moja kwa Safaricom kunaizidi BAT yote kwa bei hiyo.

Ukitaka kujua hisa yako ina sauti gani, hesabu ni ya dakika mbili, na ingefaa kila mwekezaji aifanye kabla ya kumpigia dalali simu. Chukua idadi ya hisa kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni, zidisha kwa bei ya kufungia, gawa kwa mtaji wa kampuni za ndani ulioandikwa kwenye taarifa ya soko. Huo ndio uzito. Kisha zidisha kwa asilimia ya mabadiliko ya bei. Mfano: mtaji wa ndani ukiwa trilioni 12, Swissport yenye hisa milioni 36 kwa Sh 1,500 ni bilioni 54, uzito wa asilimia 0.45. Ikiruka asilimia 20, TSI inapata asilimia 0.09. Wewe umefurahi sana, kiashiria hakijasikia.

Tena, mwenye hisa za Tanzania pekee ajipime kwa TSI. DSEI inabeba pia KCB, EABL, Jubilee na wengine waliotoka Nairobi, na bei zao huko hugeuzwa kuwa shilingi yetu. Nairobi ikichafuka, DSEI inashuka hata kama hapa hakuna aliyeuza hisa.

Wengine wanaamini kiashiria kinaonyesha faida yote. Hapana, gawio halimo. Kwa miaka kadhaa bei ya TCC ilikaa palepale kwenye 17,000 huku wenye hisa wakilipwa gawio. Kwa kiashiria, hawakupata kitu. Bei kukaa palepale nako kusomwe kwa uangalifu: hisa isiyouzwa hubeba bei yake ya mwisho, na uzito wake unabaki vilevile hata kama hakuna mnunuzi aliyeijaribu bei hiyo kwa miezi.

Kulinganisha pointi za soko moja na lingine ni kazi bure. Kila kiashiria kina mwaka wake wa kuanzia na namba yake ya kuanzia, linganisha asilimia.

Na kampuni mpya ikiorodheshwa, kiashiria hakipandi kwa sababu hiyo. Vodacom iliingia DSE Agosti 2017 kwa Sh 850, ikiwa na hisa bilioni 2.24. Mtaji wa soko uliongezeka kwa takribani trilioni 1.9, lakini hakuna aliyekuwa na hisa za zamani aliyetajirika kwa hilo. Msingi wa hesabu hurekebishwa siku hiyohiyo, na kiashiria huanza kuipima kampuni mpya kuanzia bei yake inayofuata.