Fibroidi na seli shina: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wanawake wengi, kabla hawajafika kwa daktari, huwa wameshaambiwa kwamba fibroidi, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi, ni uchafu wa hedhi ulioganda kwenye kizazi na kwamba dawa ya kusafisha itautoa. Maneno haya yanaumiza, kwa sababu tiba huchelewa huku damu ikiendelea kupungua mwilini. Fibroidi ikipasuliwa huonekana nyeupe, ngumu kama mpira, nyuzi zake zimejiviringa. Ni misuli hai ya mfuko wa uzazi iliyoshikamanishwa na kolajeni nyingi, yaani protini ya nyuzi, na nyama hai haioshwi ikatoka.

Si kweli pia kwamba fibroidi moja huzaa nyingine kwa kusambaa. Kila moja huanzia kwenye seli moja, ambayo watafiti wengi wanaona ni seli shina ya misuli hiyo, yaani seli changa yenye uwezo wa kujigawa na kuzaa seli zilizokomaa, baada ya jeni zake kubadilika. Mwaka 2011 watafiti wa Helsinki, Ufini, walikuta mabadiliko ya jeni ya MED12 katika takriban asilimia 70 ya fibroidi walizochunguza.

Dhana iliyoenea zaidi, hata kwa wasomi, ni kwamba homoni huikuza kila seli ya fibroidi moja kwa moja. Estrojeni na projesteroni, homoni za kike, zinahusika kweli, lakini seli shina, ambazo ni kama asilimia 1 tu ya seli zote za uvimbe, zina vipokezi vichache mno vya homoni hizo. Utafiti uliofanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba seli zilizokomaa ndizo hupokea homoni, kisha hutoa ishara za kemikali ziitwazo WNT zinazoziamsha seli shina jirani zijigawe. Kwangu hili ndilo jambo la kushikwa zaidi, maana linasaidia kueleza kwa nini dawa za kushusha homoni hupunguza uvimbe, nao ukarudi miezi michache baada ya kuziacha: seli shina huenda zilibaki pale pale, zikisubiri ishara.

Kuwa na seli shina hakuifanyi fibroidi kuwa saratani; karibu zote si saratani.

Wapo, hatimaye, wanaouza vidonge kwa jina la seli shina wakiahidi kuyeyusha fibroidi. Uvimbe huu haukutokana na upungufu wa seli hizo, na hakuna kidonge cha namna hiyo kilichothibitishwa kuutibu.