Sauti ya ordinatere inapendeza ju ya nini? Si kupandisha tu

Batu wakiniletea kazi ya sauti ya ordinatere, ile inayosoma maandishi, hapa Lubumbashi, ombi ni lile lile: "Mukubwa, pandisha ikuwe ya kitoto." Kupandisha ni rahisi, unasogeza kitufe kimoja, ila unapata nini? Mwanaume mzima anayejibana koo. Inaudhi kabisa.

Ju sauti iko na vitu viwili na sikio linasikia vyote. Kuna kasi ya nyuzi za koo, mwanaume anacheza karibu na hezi 120, ni kusema mitetemo 120 kwa sekunde, mwanamke 210 hivi, mtoto mudogo anafika 300 na kupita. Halafu kuna kile batu banasahau: urefu wa njia kutoka koo mpaka midomo. Kwa mwanaume ni kama sentimita 17, kwa mtoto mchanga ni nusu yake tu, na njia ikiwa fupi ile mivumo inayofanya "a" ikuwe "a" na "i" ikuwe "i", tunaiita formanti, yote inapanda. Ukigusa hezi peke yake, sikio linajua palepale huyu ni mukubwa anaigiza. Ukipandisha vyote kupita kiasi, unapata panya wa katuni, unacheka kidogo halafu unazima.

Dennis Klatt, mtafiti wa sauti wa Marekani, alijua hii zamani. DECtalk, mashine ya 1984 inayosoma maandishi kwa sauti, iko na sauti ya mtoto, Kit, na ndani ya programu kuna kipimo cha ukubwa wa kichwa, kweli kabisa, kichwa! Cha Kit ni kidogo.

Kutabasamu nako kunasikika hata bila kuona sura: midomo ikivutwa pembeni njia inafupika kidogo, formanti zinapanda kidogo. Mimi naanzia hapo, naongeza na pumzi kidogo, hezi naziacha zicheze juu na chini, ju sauti iliyonyooka kama mustari haipendezi mtu hata ikiwa nyembamba namna gani.

Kuna na ile sauti iliyofundishwa Kifaransa halafu inasomeshwa Kiswahili chetu, mkazo unarukia mwisho, kari-BU, muzu-RI, na batu banacheka banasema ni kitoto kizuri. Mimi sikubali, pale banapenda kosa. Kwangu mkazo unarudi pahali pake, muzuuri, hata kwa sauti ya katoto.

Ila banki ikiniomba katoto ka kukumbusha batu madeni, nakataa.