Bonde la ufa la baharini, na mama aliyeliona kwanza

Ukisimama ufukweni Matema, Kyela, ukatazama mashariki, unaiona milima ya Livingstone ikishuka wima mpaka majini. Ukuta ule ndio ukingo wa bonde la ufa. Ardhi ilivutwa huku na huku, katikati ikadidimia, maji yakajaa: ndilo Ziwa Nyasa.

Bonde la ufa la baharini ni jambo hilohilo, ila limezama. Chini ya bahari kuu kuna safu ya milima inayoizunguka dunia, urefu wake takriban kilomita 65,000, na sehemu kubwa ya mgongo wake imepasuliwa na mtaro. Humo ganda la dunia linaachana, uji wa mawe ya moto unapanda, unaganda na kuwa mwamba mpya. Ndivyo Atlantiki inavyopanuka, sentimita chache kila mwaka.

Aliyeuona mtaro huo ni Marie Tharp, mwanajiolojia Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1920. Meli ya utafiti haikupokea wanawake, basi wanaume walikwenda baharini, yeye akabaki New York na kalamu yake ya wino. Meli ilipeleka sauti chini na kupima muda wa mwangwi kurudi. Majini sauti hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, yaani 2 kwenda na 2 kurudi, kina ni mita 3,000. Maelfu ya namba za namna hiyo ndiyo aliyoyageuza picha. Alipoipanga michoro 6 ya sakafu ya Atlantiki ya Kaskazini, kila mmoja ukiikata bahari upande hadi upande, mmoja chini ya mwingine, akaona mkato wenye umbo la V ukijirudia palepale, juu ya mgongo wa milima.

Mwenzake kazini, mwanajiolojia Bruce Heezen, alisema hayo ni maneno ya kike tu. Kauli hiyo huniuma kila niikumbukapo, kwa sababu kazi ilikuwa mezani, imechorwa, inaonekana. Tharp hakuifuta. Baadaye vitovu vya matetemeko ya bahari vilipowekwa kwenye ramani, vikaangukia ndani ya mtaro uleule. Heezen akakubali. Tharp mwenyewe alipanda meli ya utafiti mwaka 1968.

Ramani yao ya sakafu ya bahari zote ilikamilika mwaka 1977. Weka kidole katikati ya Atlantiki, zunguka kusini mwa Afrika, panda Bahari ya Hindi hadi Ghuba ya Aden. Hapo ufa unaingia nchi kavu: Ethiopia, Kenya, halafu unashuka kwetu Tanzania, mpaka Rungwe, jirani na Ziwa Nyasa.