Pakingi ya shafti kudondosha maji si lazima iwe hitilafu

Wenye mashua za tanga zenye injini wengi huamini kwamba tone lolote kwenye pakingi ya shafti ya propela (kizibo kinachozuia maji kuingia pale shafti inapopenya mwili wa mashua) ni ubovu, hivyo nati inayoibana ikazwe hadi pakauke. Kwa pakingi ya kamba, yaani kamba iliyozungushwa kwenye shafti, sivyo. Shafti ikizunguka, matone machache kwa dakika ndiyo huipoza na kuilainisha. Ukikaza mno, kamba huungua na shafti huchimbika, nayo ni ghali kubadilisha.

Jipimie: funga mashua imara gatini, tia gia, hesabu matone. Zima injini, kisha gusa nati. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moto, legeza kidogo sana, upime tena. Shafti ikisimama, matone yakome au yabaki haba. Sili za kisasa zisizo na kamba hazitakiwi kudondosha.