Oksidi za metali: "haiwaki" si sawa na "haina hatari"

Wengi wameona utepe wa magnesiamu ukiwaka maabara kwa mwanga wa kuumiza macho, wakaogopa hata unga mweupe unaobaki, wakidhani nao utawaka. Unga huo ni majivu, yaani oksidi: metali iliyokwisha kuungana na oksijeni. Magnesiamu imeshaikabidhi oksijeni elektroni zake mbili za nje, haina tena cha kuungua. Oksidi hiyo hutengenezewa matofali ya kuta za ndani za matanuri ya chuma cha pua. Ila uliza kwanza kama metali imetoa elektroni zote inazoweza kutoa. Oksidi nyeusi ya chuma, FeO, ikiwa unga laini mno huweza kushika moto yenyewe hewani, kwa sababu chuma chake bado kina elektroni ya kutoa.

Dhana nyingine: metali ikiyeyuka upesi, oksidi yake nayo itayeyuka upesi. Waulize wanaochomelea alumini. Yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660 za sentigredi, utando wa oksidi juu yake kwa 2,072. Fundi asipousugua kwa brashi ya waya, alumini inakuwa uji huku ngozi ya juu imekaza, na kiungo hakishiki. Chaji ya umeme ndiyo yenye neno kubwa hapa. Chumvi ya jikoni na oksidi ya magnesiamu zimepanga ayoni zao, yaani chembe zao zenye chaji, kwa mtindo uleule, lakini za chumvi zina chaji moja moja, za oksidi ya magnesiamu mbili mbili, hivyo huvutana kwa nguvu zaidi: chumvi huyeyuka kwa nyuzi 801, mwenzake karibu 2,850.

Hata hivyo, si oksidi zote za metali ni sugu. Oksidi ya kijani ya kromiamu, Cr2O3, huvuka nyuzi 2,300 kabla ya kuyeyuka. Ile nyekundu, CrO3, huyeyuka kwa 197 tu.

Dhana inayonitia hofu zaidi ni kwamba kisichowaka kinaweza kuwekwa popote. Kutu, oksidi ya chuma, haiwaki, lakini ichanganye na unga wa alumini, uiwashe kwa joto kali, alumini itainyang'anya oksijeni, na chuma kitatiririka. Mkemia Mjerumani Hans Goldschmidt aligundua njia hiyo miaka ya 1890, na hadi leo reli huunganishwa hivyo. Chokaa iliyotoka tanurini, oksidi ya kalsiamu, haiwaki, lakini ikinyeshewa ghalani huchemka kiasi cha kuweza kuwasha magunia na mbao. Na hiyo CrO3? Ikigusana na spiriti, spiriti hulipuka moto. Ndiyo maana pipa lake hubandikwa alama ya mwali juu ya duara, yaani kitu kinachokoleza moto, ingawa yenyewe haiungui.